Nondo Zilipozama

Kuna watu wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa sindano, na Dada Kidole alikuwa anaogopa kunyoosha mkono. Msicheke. Msichana ana digrii ya uhandisi, kofia ngumu ya njano kichwani, kizibao cha kung'aa kifuani, lakini akitaka tu kusema "samahani, hapo mmekosea," mate yanamkauka na ulimi unakuwa mzito kama mfuko wa saruji. Kwenye vikao vya ofisini alikuwa anamnong'oneza mwenzake wa pembeni hoja yake, mwenzake anaitoa, mwenzake anasifiwa, na yeye anapiga makofi pamoja na wengine.

Hilo jina la Kidole alipewa na mafundi, kwa sababu hapiti mahali bila kugusa. Nondo anaigusa, ubao anaugusa, ukuta mbichi anaubonyeza kama mama anayepima joto la mtoto. "Huyu kipimo chake ni kidole," alisema Redio, msukuma toroli mmoja ambaye mdomo wake ulitengenezwa bila swichi ya kuzima. "Ile tepu kiunoni ni mkufu tu."

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Kati ya kazi zote za ofisi yao, bosi akampangia kusimamia ujenzi wa ghorofa kwenye shule ya msingi. Na shule yenyewe ni ileile aliyosoma yeye. Madarasa yaleyale, kengele ileile ya kipande cha reli, na mwalimu mkuu, Mungu wangu, alikuwa yuleyule aliyemfundisha darasa la tatu.

Huyo mwalimu mama enzi zile alikuwa na utaratibu wake. Ukijibu vibaya unapanda juu ya dawati, unasimama hapo mpaka mwingine akosee akupokee. Basi. Hakuna fimbo, hakuna matusi, unasimama tu juu kule na soksi zako zilizotoboka, darasa zima linakutazama kwa chini. Siku moja Dada Kidole alisimama tangu kipindi cha hesabu mpaka kengele ya kwenda nyumbani, kwa sababu wenzake waliamua kutojibu chochote kabisa. Akajikojolea huko huko juu. Toka siku hiyo mkono wake haukunyooka tena darasani, hata jibu likiwa linamwasha ulimini kama pilipili.

Siku ya kumwaga zege bosi wake alikuwa na kazi nyingine upande wa pili wa mji. "Wewe ndiye macho yangu," akamwambia kwenye simu. "Ukiona kitu, sema." Kusema ni rahisi kwa mwenye mdomo.

Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Alipanda juu na kukagua nondo moja baada ya nyingine, hasa za kibarazani. Kile kibaraza ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi. Kilikuwa njia ya nje ya kupita mbele ya madarasa ya juu, na chini ya ukingo wake hakukuwa na nguzo hata moja. Kimetoka ukutani kikaning'inia hewani, kama ulimi wa mtu anayemdhihaki mwenzake. Kwa sasa kilikuwa kimeegemezwa kwa miti ya muda, lakini miti ikishaondolewa kitabaki kinajishikilia chenyewe, na juu yake kengele ya mapumziko ikilia watatoka watoto wote kwa mkupuo, wanasukumana, wanarukaruka, wanainamia ukingo kuchungulia wenzao. Sasa kitu kilichoning'inia hivyo uzito hukivuta ncha kwenda chini, kwa hiyo sehemu inayotaka kuchanika ni ya juu. Ndiyo maana nondo zake zinalazwa juu, karibu na uso wa zege, zimekalia vipande vya nondo vilivyokunjwa ambavyo mafundi wanaviita viti. Zikishuka chini ni sawa na kuvaa mkanda magotini na kutegemea suruali isianguke.

Alizigusa zote. Ziko juu, ziko safi. Akashuka kutazama mchanganyiko wa zege kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia.

Huko chini akachelewa kidogo maana kokoto zilikuwa na matope, akabishana nazo, yaani kokoto, sio watu. Aliporudi juu akakuta zege limeshaanza kumwagwa kibarazani, na Redio anakuja na toroli limejaa pomoni, anapita katikati ya nondo. Sio juu ya mbao. Juu ya nondo zenyewe. Gurudumu linaruka kwenye nondo, dung dung dung, na nyuma yake buti za wenzake watatu zinakanyaga popote panapokanyagika.

"Mbao ziko wapi?" aliuliza. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Mbao, jamani. Asubuhi zilikuwa zimepangwa mbao nene juu ya nondo, njia nzima, ili toroli na miguu vipite bila kugusa kitu. Kumbe kesho yake palikuwa na kikao cha wazazi, mabenchi hayatoshi, na Mwalimu Mkuu alipoona mbao nzuri vile zimelala bure, akatuma darasa la saba wakazibeba mpaka ukumbini, wakaziweka juu ya matofali, zikawa mabenchi. Aliomba ruhusa? Aliomba. Alimwomba fundi mkuu, ambaye mafundi wote wanamwita Jenerali, naye Jenerali alisoma shule hiyo hiyo miaka ya nyuma zaidi, hana ubavu wa kumkatalia Mwalimu. Akasema chukua tu, Mwalimu, sisi tutapita kwa uangalifu.

Uangalifu gani. Uangalifu wa ng'ombe kwenye bustani ya mboga.

"Mwanangu, wingu lile huko halina masihara," Jenerali alimjibu bila kumtazama. "Zege likikutwa na mvua tutalia wote. Haya, Redio, lete, lete."

Dada Kidole akanyamaza. Alitazama ule ukingo wa kibaraza ambako zege lilikuwa limeshafunika nondo, kijivu, laini, limetulia kama uji. Huwezi kujua chini yake kuna nini. Labda nondo ziko pale pale alipoziacha. Labda anajitia wasiwasi tu. Fundi ana miaka mingi ya kazi kuliko umri wake, je akisema na ikawa si kweli? Watasimamisha kazi, mvua itanyesha, zege litaharibika, na wote watamtazama kwa chini.

Hapo sasa ndipo alipomkumbuka Bibi Vunja.

Bibi Vunja alikuwa mwalimu wao wa darasa la kwanza, mama mnene mwenye kicheko cha kikohozi, na jina alilipata kwa sababu kila Ijumaa darasa lake lilikuwa linavunja vitu. Kweli kabisa. Mtoto analeta biskuti, kijiti, rula iliyochakaa, ganda la yai, na Bibi Vunja anakiweka ukingoni mwa meza, nusu mezani nusu hewani. Kabla hajabonyeza anasema, "Haya, weka kidole pale patakapoanza." Lazima kila mtoto aweke kidole. Halafu anabonyeza, paaa, na wote wanainama kutazama. Aliyekosea hapandi popote. Bibi Vunja alikuwa anasema tu, "Vizuri, tumeshajua sio hapo," na kuendelea kama vile umemletea zawadi.

Siku ya kifutio ndiyo iliyomkaa Dada Kidole kichwani. Bibi Vunja alikichanja kifutio kikubwa kwa wembe, mchanjo mmoja juu, mwingine chini, akakishikilia ukingoni mwa meza na kukibonyeza ncha. Mchanjo wa juu ukafunguka kama mdomo. Wa chini ukafumba. Watoto wakapiga kelele, wengine wakasema kifutio kinapiga miayo. Dada Kidole hakupiga kelele. Alikaa pale na miaka yake sita, anakibonyeza na kukiachia, anakibonyeza na kukiachia, mpaka wenzake wakaenda kucheza. Miaka mingi baadaye chuoni profesa alijaza ubao mzima na herufi za Kigiriki kueleza jambo lile lile, na yeye akajisemea moyoni, ah, kifutio.

Kwa hiyo aliijua sehemu. Hakuhitaji kuambiwa. Kibaraza kikianza kufa, kitaanzia juu, pale kinapotokea ukutani, mlangoni pa darasa. Na ndipo hasa matoroli yalipokuwa yanapita.

Akasogea. Akachuchumaa kwenye ukingo wa zege bichi, mafundi wakadhani anafunga kamba za viatu. Akachomeka kidole.

Nondo ilitakiwa iguse ncha ya kidole kabla hakijaingia nusu. Kidole kikaingia nusu. Kikaingia chote. Hakuna kitu, ni ubaridi tu na kokoto ndogondogo zinazokwaruza kucha. Akasukuma, kiganja kikaingia, zege likampanda mpaka kwenye saa, na bado hakuna. Akasukuma tena, na huko chini kabisa, karibu na mbao za chini zilizobeba zege, ndipo alipoigusa. Imelala. Kiti chake kimebonyea kimekuwa bapa kama kijiko kilichopitiwa na gari.

Alitaka iwe bahati mbaya ya pale pale tu. Akasogea hatua kidogo, akachomeka tena. Chini. Akasogea. Chini.

Akampigia bosi. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Simu unayopiga haipatikani.

"Dada, unatafuta pete?" Redio aliuliza, toroli mkononi. "Sema tukusaidie, nani kakuvisha?"

Mafundi wakacheka. Na hapo, kama vile kapangwa, kichwa cha Mwalimu Mkuu kikachomoza kwenye ngazi. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani imekuwa minene, lakini jicho ni lilelile. Alikuwa amekuja kuangalia zege lake linavyoendelea.

"Kuna tatizo gani hapa?" akauliza. "Mbona huyu binti amechafuka?"

Dada Kidole alisimama. Mkono unachuruzika zege, na yeye ni kama amerudi juu ya dawati. Mbele yake Mwalimu. Pembeni Jenerali na koleo. Nyuma yake wingu jeusi limeshafika juu ya paa la vyoo. Ng'ambo ya uwanja, kwenye darasa moja la zamani, watoto wanaimba majedwali ya kuzidisha, mbili mara mbili, mbili mara tatu, kwa ile sauti ya pamoja ambayo hujui nani anaimba na nani anafungua mdomo tu.

Alisema kwa sauti ndogo.

"Nondo zimezama."

"Umesemaje?" Mwalimu alisogeza sikio. "Hebu sema usikike."

"Nondo za kibarazani zimezama. Zimekanyagwa zikashuka. Zege hili lote litolewe."

Hata Redio alizimika.

Jenerali akaweka koleo chini taratibu. "Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, na ule upole ndio ulikuwa wa kutisha. "Unajua unachosema? Zege halina subira. Tukilitoa hili, tukianza kupanga upya, mvua inatukuta. Kazi ya leo imekufa. Mimi nimejenga kabla hujazaliwa, na nondo kucheza kidogo ni kawaida."

"Hazijacheza kidogo, Baba. Ziko chini kabisa."

"Unadhani au una hakika?" Mwalimu Mkuu akauliza.

Lo. Swali lile lile, kwa sauti ile ile, alilokuwa analiuliza kabla ya kukuonyesha dawati. Dada Kidole akashika nondo iliyosimama ukutani. Alijua akisema nadhani, imeisha, toroli litaendelea. Na akisema nina hakika halafu ikawa sehemu nyingine ziko sawa? Alizipima sehemu tatu tu. Kibaraza ni kirefu. Kichwani ikamjia picha ambayo hakuiomba: kengele ya mapumziko, viatu vidogo vinatoka mbio, na pale mlangoni ufa mwembamba kama uzi.

Redio naye, kwa kuwa mikono imemchoka kushikilia toroli zito, akaanza kusukuma mbele kidogo. Dung. Gurudumu likapanda nondo nyingine.

Dada Kidole akaenda akasimama mbele ya toroli. Hakupanga. Anasimulia mpaka leo kwamba miguu ilikwenda yenyewe.

"Simama hapo hapo," akasema. "Mimi sijui kama kote zimezama. Hilo sijui. Lakini nilipopima zote ziko chini, na aliye na wasiwasi na mimi aje aweke mkono wake. Mpaka hapo hakipiti kitu."

Redio akamtazama Jenerali. Jenerali akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vya Dada Kidole vilivyozama kwenye zege.

Basi Jenerali akavua saa yake, akaitia mfukoni, akakunja mkono wa shati. Akapiga goti moja, akatafuta mahali palipo mbali na alipopima Dada Kidole, kule mwisho kabisa, akaingiza mkono. Uso wake haukuonyesha kitu. Akauzamisha zaidi. Halafu akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari ya msiba, na alipoutoa ule mkono zege lilikuwa limepanda mpaka pale alipovua saa.

"Makoleo," akasema.

"Jenerali, na mvua?" mmoja akauliza.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili. Makoleo, nimesema, na atakayekanyaga nondo tena nitamlaza yeye humo badala yake."

Wakaanza kulitoa. Linarushwa chini uwanjani, pwaa, pwaa, juu ya bustani ya maua ya Mwalimu, na Mwalimu anatazama maua yake yanavyozikwa akiwa wima kama mlingoti. Dada Kidole mkono ulikuwa umeanza kumwasha, saruji mbichi inakula ngozi, lakini hakuthubutu kwenda kunawa, aliogopa akigeuka tu mtu atabadilisha mawazo.

"Nazihitaji zile mbao, Mwalimu," akasema.

"Zimeshapangwa ukumbini. Kesho wazazi watakaa wapi?"

"Wasimame."

Lilimtoka hivyo hivyo, kavu, na papo hapo akatamani kulirudisha. Redio akajifanya anakohoa. Mwalimu Mkuu akageuka, akashuka ngazi. Dada Kidole akajua nimekwisha, ameenda kumpigia bosi, kazi sina. Lakini baada ya kitambo wakaonekana darasa la saba uwanjani, wawili wawili, kila jozi na ubao wake mabegani, wanakuja kwa mstari kama siafu waliohamishwa, na Mwalimu yuko nyuma yao anasema haraka, haraka, lakini msikimbie.

Viti vikakunjwa vipya, vizito zaidi. Nondo zikainuliwa, zikafungwa, mbao zikalazwa juu. Wakati huo matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza, makubwa, moja hapa moja kule. Mafundi wote wanatazama juu na kumtazama yeye, juu na yeye. Walikuwa wameshakunjua turubai, tayari kulifunikia zege. Kila mtu anasubiri neno moja.

Na hofu, mnadhani ilipungua? Iliongezeka. Mwanzo alikuwa anaogopa kusema. Sasa ameshasema, zege limemwagwa bustanini kwa neno lake, na kibaraza chote kiko juu ya mdomo wake. Alitaka kusema mimina na akimbie. Badala yake akatembea juu ya mbao kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, anainama, anagusa, anainuka.

"Dada, mvua," Redio akasema, safari hii bila utani.

"Naiona."

Karibu na kona akakuta kiti kimoja kimelala ubavu. Kimoja tu. Akakisimamisha, waya ukamponyoka, akaufunga tena, vidole vinateleza kwa jasho na maji. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika mwisho akarudi akaigusa ile kona tena.

"Mimina," akasema.

Toroli la kwanza lilipopita juu ya mbao bila kulia dung, akashuka ngazi, akazunguka nyuma ya darasa karibu na bomba, akatapika. Alitapika mpaka ikabaki nyongo. Akafungua bomba akaweka mkono, ngozi imekuwa nyekundu mpaka kwenye kiwiko, akawa analia kidogo, kwa maumivu au kwa nini, hata yeye hajui.

Akanyooshewa kikombe cha maji. Alikuwa Mwalimu Mkuu, na kanga begani kwa ajili ya manyunyu.

"Sukutua kwanza. Usinywe harakaharaka."

"Asante, Mwalimu."

"Uliogopa hivi kwa sababu ya kibaraza?"

Dada Kidole akasukutua, akatema. Angeweza kusema ndiyo, na yakaisha. "Kibaraza pia," akasema. "Lakini wewe zaidi, Mwalimu."

Mwalimu hakukasirika. Alikunja kanga vizuri begani, akaikunjua, akaikunja tena. Majedwali ya kuzidisha yalikuwa yameisha, darasa limekaa kimya. "Mimi nilikuwa nataka mjifunze kusema kitu mkiwa na hakika," akasema.

"Tulijifunza kunyamaza."

Manyunyu yakawa yanapiga bati. Dada Kidole hakuwahi kumwona mama yule akikosa neno, na ile hali ikamwogopesha upya, kama vile nguzo nyingine imetikisika mahali ambapo hakuwahi kufikiria kukagua.

"Kidole," Jenerali aliita kutoka juu. "Tumefika mlangoni. Njoo uone nondo kabla hatujazifunika."

"Nakuja, Baba."

"Nenda," Mwalimu akasema, akapokea kikombe. Kisha akamfuata nyuma mpaka kwenye ngazi, akaishika kwa mikono miwili isiteleze, na kukaa pale na mvua inamlowesha, wakati Dada Kidole anapanda.